Makosa Arobaini na Moja ya Barisa

Wajukuu zangu wa klabu ya wasemaji, karatasi yenu ya kupimia mkutano imenifika. Nimeisoma mara mbili na nimehesabu maswali ishirini na saba. Kuna la sauti, la mikono, la macho, la mavazi, hata la namna viti vilivyopangwa. Daktari mwenyewe hamwulizi mgonjwa maswali ishirini na saba. Mmeniomba niongeze mengine kwa kuwa niliifanya kazi hiyo miaka mingi. Siongezi. Nitawaeleza jambo lililonipata Garsen, kisha mtajua wenyewe mfute yapi.

Nilikuwa mwalimu wa watu wazima. Miaka ya hamsini, nikiwa na umri wa miaka ishirini na minne, nilitolewa kwetu Kipini nikapelekwa Garsen kufundisha kusoma na kuandika. Mtu wa Kipini, jueni, huzaliwa akiamini kwamba Kiswahili ni mali ya babake na wengine wote wameazima. Nilifika Garsen na imani hiyo, pamoja na sanduku la bati na baiskeli.

Huko nilimkuta Mwalimu Yonathani. Alikuwa Mpokomo, mkuu wa skuli, mtu mfupi mwenye kifua cha kukohoa na ulimi mkali. Alikuwa ameanzisha chama cha wasemaji kilichokutana kila Jumamosi alasiri katika ukumbi wa mabati karibu na pantoni, ile ya kuvushia watu na magari. Walikuja Wapokomo wenye mashamba ya mpunga na migomba ukingoni mwa mto, walikuja Waorma wenye ng'ombe, makarani wawili watatu, na Msomali mmoja mwenye duka. Yonathani alitaka jambo moja tu: mtu aweze kusimama barazani akasema haja yake kwa kinywa chake, asisemewe na karani.

Lakini zilikuwa siku za hali ya hatari iliyotangazwa na Waingereza. Watu kumi wakikaa pamoja bila kibali ilikuwa kesi. Kibali chetu kilitoka kwa Bwana Shauri, ndivyo tulivyomwita afisa wa Kiingereza aliyekuwa juu ya Garsen yote, nacho kilikuwa na masharti mawili. Siasa marufuku, na kila Jumatatu ripoti ya mkutano ifike mezani kwake. Ripoti hiyo iliandikwa na mpimaji, yule anayekaa akasikiliza mwanzo hadi mwisho, kisha akasimama kueleza nani amesema vipi na mkutano umekwendaje. Yonathani akanipa mimi kazi hiyo, kwa sababu ya Kiswahili changu.

Mambo mengine niliyajua upesi. Nilijua kukaa nyuma, kwa sababu ukikaa mbele unamsikia msemaji tu, ukikaa nyuma unausikia mkutano: nani ananong'ona, nani anapiga miayo, nani anachungulia mlango. Nilijua kuweka saa gotini. Karani mmoja aliwahi kutusemea dakika thelathini na tano juu ya faida za kusema kwa ufupi, na nilipomwonyesha saa alinishukuru akasema sasa anaingia katika jambo lenyewe. Hayo yalikuwa mepesi. Zito nililikosa.

Jumamosi moja ya kiangazi alisimama Barisa. Alikuwa kijana wa Kiorma, mrefu, mwenye umri kama wangu, aliyekuja kwenye chama kama mara tano bila kufungua kinywa. Kiswahili alikuwa amekiokota kwenye minada ya ng'ombe. Akaegemea fimbo yake, akasalimu, akatutakia mvua na amani, akaendelea kusalimu kwa muda mrefu kama ilivyo desturi yao, kisha akasema yake. Nami nikainamisha kichwa nikaandika. Ng'ombe yangu nakuja. Njia nafungwa. Mto yetu. Watu ile. Kila alipovunja neno nilipiga mstari, na mistari ilivyozidi kujaa ndivyo nilivyozidi kuona raha. Naona aibu kuwaambia hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Zamu yangu ilipofika nilisema kwamba ndugu yetu amefanya makosa arobaini na moja, nikayasoma. Sikuacha hata moja. La kumi watu walianza kucheka. La ishirini Msomali wa duka alifuta machozi kwa kilemba. Makarani walinitazama kwa macho ya kunisifu, nami nikaanza kuyaiga matamshi yake ili kicheko kisipoe. Barisa alisikiliza yote akiwa amesimama. Nilipomaliza alisema, "Asante, Mwalimu," akatoka nje. Kikao kiliendelea, na kwa mara ya kwanza hakuna Mworma aliyebaki ukumbini. Wengine wanne walikuwa wamemfuata mmoja mmoja bila mimi kuona, mimi niliyejisifu kwa kukaa nyuma.

Tulipokuwa tunapanga viti Mwalimu Yonathani aliniuliza, "Barisa alisema nini?"

Nikamwambia alisema mto yetu badala ya mto wetu.

"Sikukuuliza alivyosema. Nimekuuliza alisema nini."

Nilifungua karatasi zangu. Nilikuwa na kurasa tatu. Nilijua kila neno alilolivunja, na hoja yake sikuijua.

Yonathani akakaa juu ya benchi, akakohoa, akanieleza. Barisa alikuwa amekuja kutuonya. Upande wa Bangale visima vilikuwa vimekauka, na ng'ombe wa jamaa zake wote walikuwa njiani wakiteremka mtoni. Baada ya Ijumaa tatu wangefika Garsen. Njia yao ya kunyweshea, ambayo wao huiita malka, ilikuwa imelimwa mpunga msimu ule, na hapakuwa na pengo lingine karibu. Ng'ombe mwenye kiu hazuiliwi na mpunga. Mkulima naye hatakaa akitazama chakula cha wanawe kikikanyagwa. Barisa aliomba watu waonane kabla ya siku hiyo. Aliyasema hayo mbele ya wakulima wenyewe, na wakulima walikuwa wakicheka pamoja nami.

Nilikuwa bado na nafasi ya kurekebisha. Ripoti ilikuwa haijaandikwa. Lakini nilikuwa nimeudhika, na Jumatatu asubuhi nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: msemaji huyu haeleweki, na hafai kusimama mbele ya watu. Tarishi akaichukua.

Siku tatu baadaye Yonathani aliingia darasani kwangu mbele ya wanafunzi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaniwekea barua ya ofisi mezani. Wazee wa Kiorma walikuwa wamekwenda kwa Bwana Shauri kuomba baraza juu ya malka, na baraza wakapewa, Alhamisi kabla ya ile Ijumaa ya tatu. Wakampa na jina la mtu wao wa kuwasemea. Barisa. Ofisi ilijibu kwamba, kwa mujibu wa ripoti ya chama cha wasemaji, mtu huyo haeleweki na hafai. Angesema karani wa ofisi kwa niaba yao. Karani huyo hakujua Kiorma ila cha kununulia maziwa.

Wazee wakasema basi, hawaji barazani. Watakuja na ng'ombe, na vijana wao.

"Hiyo ndiyo kalamu yako," Yonathani aliniambia. Nilitamani anigombeze, lakini aligeuka akatoka.

Ijumaa nilimwomba ruhusa nikashika njia ya kambi ya akina Barisa. Baiskeli ilinifikisha nusu ya safari, miiba ikaimaliza, nikaiegemeza kwenye kichaka nikatembea. Jua lilikuwa kali na nilikuwa na hofu. Kila niliyekutana naye alikuwa na mkuki, na kila mmoja alinitazama muda mrefu kuliko kawaida. Habari za kicheko cha ukumbini zilikuwa zimetangulia mbele yangu.

Nilipokewa na Mzee Guyo, baba mdogo wa Barisa, aliyejua Kiswahili kwa sababu ya kupeleka ng'ombe pwani. Nilipewa maziwa, kwa sababu mgeni hanyimwi maziwa hata akiwa mbaya. Barisa alikuja akakaa mbali kidogo, na kila nililomwambia kwa Kiswahili alilijibu kwa Kiorma, akimwangalia baba yake mdogo. Mzee Guyo hakunitafsiria. Nilikaa pale na Kiswahili changu chote cha Kipini, na hakikunisaidia kuomba maji.

Mwishowe nilijaribu Kiorma. Wanafunzi wangu walikuwa wamenifundisha maneno kadhaa, nikayaunganisha nilivyoweza, nikamwambia Barisa mbele ya watu wote kwamba nimekuja kumwomba radhi. Watu walitazamana. Wanawake wakafunika vinywa. Baadaye nilikuja kujua kwamba nilichosema ni kwamba nimekuja ili yeye aniombe radhi mimi.

Barisa hakucheka. Alingoja wale wengine wanyamaze, kisha akasema kwa Kiswahili, polepole, "Mimi nasikia wewe. Wewe nakuja kuomba radhi. Neno moja tu wewe nageuza." Akanitajia neno lile lilivyo, akaningoja nilirudie. Nikalirudia. Akasema, "Sasa iko sawa."

Wanangu, nimesoma vitabu vya kufundishia, nimehudhuria mafunzo ya serikali mpaka Mombasa, na sijapata kuona mtu akipimwa vizuri kuliko nilivyopimwa siku ile. Kwanza aliniambia amesikia nini. Kisha akanipa neno moja, lile lililokuwa linaharibu mengine. Kisha akaningoja. Makosa mengine ya sentensi ile, na yalikuwa tele, aliyaacha yalipo.

Nilimwomba anisemee tena yale aliyoyasema ukumbini. Safari hii sikuwa na karatasi. Alisema, na nilisikia kila kitu: ng'ombe wangapi, wamefika wapi, nani amewatangulia, na jambo ambalo hata Yonathani hakulipata, kwamba Waorma walikuwa tayari kukata miiba wenyewe na kuzungushia njia pande zote mbili ili ng'ombe asitoke. Lakini hilo alilisema mwisho kabisa, wakati msikilizaji ameshachoka. Nikamwambia mambo mawili. Apunguze salamu, na miiba ailete mbele.

Alifikiri. "Miiba nakubali," alisema. "Salamu hapana. Mtu nakuja bila salamu, nakuja kupigana."

Nikamkubalia, kwa sababu alikuwa na haki. Anayepimwa naye ana akili, na akikukatalia kwa sababu, sababu hiyo ni yako kujifunza.

Mzee Guyo akasema wao wako tayari kuja, lakini ofisi imekwisha kumkataa mtu wao. Nikamwambia hilo niachie mimi.

Jumatatu nilipeleka ripoti ya pili mwenyewe. Bwana Shauri aliniacha nimesimama, akaziweka ripoti mbili pamoja mezani. Siku zile mwalimu kubadili maneno yake mbele ya serikali haikuwa jambo dogo. Watu walikuwa wamefukuzwa kazi kwa machache kuliko hayo, na wengine walipelekwa mahali ambapo jamaa zao hawakupajua.

"Wewe naleta ripoti mbili ya mtu moja," alisema. "Gani ni uongo?"

Hapo ndipo niliposikia, kwa mara ya kwanza tangu nifike Garsen, kwamba Kiswahili cha Bwana Shauri kilikuwa kibovu kuliko cha Barisa. Na sikuwahi kumhesabia kosa hata moja. Kila siku nilikuwa nikimtafutia maana, na kila siku nilikuwa nikiipata.

Nilimwambia kwamba uongo hakuna. Ripoti ya kwanza iliandikwa na mtu aliyehesabu, ya pili na mtu aliyesikiliza. Na kama karani atasema badala ya Barisa, Waorma hawatakuja, na ng'ombe watakuja.

Akaniuliza kama ninajua kwamba pakitokea fujo jina langu ndilo litakaloandikwa. Nikasema najua. Akanipa kalamu nitie sahihi chini ya maneno hayo hayo, nikatia.

Alhamisi ile uwanja wa pantoni ulijaa tangu asubuhi. Wakulima walikaa upande wa mto, na wengi walikuwa na mapanga wakidai wanatoka shambani. Waorma walikaa upande wa barabara na mikuki yao imechomekwa ardhini mbele yao. Katikati palikuwa na meza ya Bwana Shauri na askari sita. Nilihesabu askari sita, kisha nikahesabu mikuki, nikaacha kuhesabu. Mwalimu Yonathani alikaa karibu nami.

Barisa akasimama. Akasalimu. Akawatakia wakulima mvua, akawatakia mpunga mzuri, akataja wazee wa pande zote mbili. Alipoanza maneno yenyewe, sauti moja upande wa wakulima ikamwigiza, vile vile nilivyomwigiza mimi, na kicheko kikaanza. Mikuki miwili ikang'olewa ardhini. Askari mmoja akashusha bunduki begani. Nilitaka kusimama, sijui niseme nini, na Yonathani akanishika goti kwa nguvu. "Kaa," aliniambia. "Si zamu yako."

Barisa alingoja. Alisimama tu, akangoja, kama alivyoningoja mimi. Kicheko kikafika mahali kikaona haya. Ndipo akamtazama yule mtu aliyemwigiza akamwuliza, "Wewe nasikia mimi?"

Mtu yule alisita. "Nakusikia."

"Basi iko sawa," Barisa alisema. "Miiba tutakata sisi."

Akaeleza. Miiba kwanza, kisha upana wa njia, kisha siku ambazo ng'ombe watapita na nani atakayesimama mbele yao na nani nyuma. Mzee Komora, mvuta kamba wa pantoni, ambaye shamba lenye malka lilijulikana kwa jina lake, akasimama na panga lake mkononi. Nilifunga macho. Nikamsikia akiuliza upana huo ni hatua ngapi.

Hatua ngapi! Kuanzia hapo hapakuwa na vita tena, palikuwa na ubishi. Wengine walisema kumi, wengine thelathini, wakaondoka kundi zima kwenda kupima kwa miguu, na Bwana Shauri akabaki mezani na karani wake. Ijumaa na Jumamosi miiba ikakatwa. Ng'ombe walipofika walipita siku mbili mfululizo, vumbi likafunika mji. Mpunga kidogo uliliwa, watu wawili walitukanana, kijana mmoja alipigwa fimbo ya mgongo. Damu haikumwagika.

Chama kiliporudi kukutana, Yonathani alinivua kazi ya upimaji akampa Barisa kwa siku hiyo. Makarani walinung'unika kwamba mtu huyo hajui hata kuandika. Barisa alikaa nyuma, mikono juu ya fimbo. Mwisho wa kikao alisimama akatuambia kila msemaji alisema nini, kwa maneno machache, na kila mmoja akampa jambo moja la kurekebisha. Mimi nilikuwa mmoja wao. Aliniambia nimesema habari ya visima na ameisikia, lakini nilikuwa nikisema na karatasi.

Kisha akaupima mkutano wenyewe. Alisema umeanza kwa wakati, mwenyekiti amewapa nafasi watu wa pande zote, na hakuna aliyecheka mtu. "Lakini kina mama watatu nakaa mlangoni toka mwanzo," alisema. "Hapana mtu nauliza wao kitu."

Tuligeuka sote. Walikuwapo. Nadhani walikuwapo na Jumamosi nyingine zilizopita, na katika ripoti zangu zote, ukurasa baada ya ukurasa, hamna hata mstari unaowataja.

Jumamosi iliyofuata mmoja wao aliitwa mbele. Alikuwa Mama Hadija, mke wa Mzee Komora. Alisimama mikono ameikunja, akasalimu, akasema kwamba mumewe kutwa yuko kwenye kamba ya pantoni, na shamba lile lililopitishwa malka hulilima yeye peke yake, tangu alipoolewa. Barazani walikuwa wakibishana hatua ngapi, naye alikuwa amesimama nyuma yao. Asingekataa njia. Angewaambia waipitishe upande wa juu, ambako mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa.

"Hamkuniuliza," alisema, akarudi kukaa.

Mzee Komora alikuwa akitazama miguu yake. Hakuna aliyekohoa, hata Yonathani. Nami ndiye niliyekuwa mpimaji siku ile, na ilinibidi nisimame. Nikamwambia nimesikia kwamba shamba hulilima yeye na njia ingefaa kupita upande wa juu, na kwamba la kurekebisha siku ile lilikuwa letu, si lake.